Pesa Ilipanda Kampala, Ukuta Ukaanguka Bwera

Nilikuwa nimelala kifudifudi chini ya matofali, vumbi mdomoni, mguu wa kulia sijui uko wapi, na sikio langu moja lililobaki nje lilikuwa linamsikia meneja wetu akiongea na Kampala kwa simu.

"Ndiyo, Madamu. Ukuta, Madamu. Ukuta wa stoo. Imeangukia watu." Akasikiliza. "Hapana, Madamu, hii si ya kahawa. Ni mafuta ya gari tu, tupeleke watu hospitali... Fomu? Madamu, mtandao hapa iko chini tangu asubuhi. Na hata ikiwa juu, si mulitufungia?"

Sauti yake ilikuwa ya adabu, kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Karibu yangu, mkono ungeweza kufika kama ningekuwa na mkono wa kunyoosha, alikuwa mama mmoja wa ng'ambo, yaani upande wa Kongo. Alikuwa akivuka mpaka kila asubuhi kuja kutuchambulia kahawa, na hakuna aliyejua ungo kama yeye. Matofali yalimbana kifuani. Hakulia. Aliniambia taratibu, "Kahawa ilimwangika yote, muzee. Batanikata." Aliogopa watamkata ujira wake.

"Nyamaza, mama," nikamwambia. "Hawakukati."

Askari wetu wa lango, mwanajeshi mstaafu wa kutoka kaskazini ambaye sote tulimwita Afande, ndiye aliyekuwa anatoa matofali kwa mikono. Alimpigia meneja kelele bila kugeuka.

"Meneja! Acha simu! Fungua sefu!"

"Afande, siwezi. Ile ni pesa ya kahawa."

"Na hawa ni nini? Ni majani ya chai?"

Pikapu ya kampuni ilikuwa imesimama uani, dereva ndani, ufunguo mahali pake, tangi kavu. Kituo cha mafuta kilikuwa ng'ambo ya barabara. Ukitema mate kwa bidii yanafika. Sefu ilikuwa imejaa noti za asubuhi ile. Basi tulikuwa na pesa, gari, dereva na barabara. Kitu tulichokosa ni ruhusa, na ruhusa ilikuwa Kampala.

Sasa nirudi nyuma, maana mtu akisikia hivi anaweza kudhani meneja wetu alikuwa shetani. Alikuwa mlokole. Shetani angefungua sefu.

Mimi nimesoma hadi darasa la tano. Nilianza pale Bwera kama mbebaji wa magunia, nikapanda mpaka foremani wa stoo, na foremani ni mbebaji anayepigiwa kelele kwa niaba ya wenzake. Wakati huo kampuni yetu ya kununua kahawa ilikuwa ya watu wa hapa hapa. Meneja wa kwanza alikuwa na kitabu cha hundi ndani ya droo yake. Paa likivuja asubuhi, mchana fundi yuko juu na mabati mapya. Sisemi alikuwa malaika. Alikula. Lakini alikula paa likiwa juu yetu.

Ndipo wakaja wakubwa wa Kampala wakatununua. Walikuwa waungwana, hawakuondoa hata bango. Walituachia jina letu, muhuri wetu, na cheti cha usajili ndani ya kioo. Walisema sisi tutaendelea kuwa kampuni kamili kisheria, ila sasa tuna mzazi. Wao ni kampuni mama, sisi kampuni tanzu, yaani mtoto. Tukapiga makofi. Nani anakataa mama?

Walituita mjini Kasese kwa semina, ndani ya hoteli, tukapewa kalamu na maji ya chupa. Hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza yule tuliyeambiwa tumwite Madamu wa Hazina. Ndiye mkubwa wa fedha zote za kampuni mama na watoto wake wote. Alikuwa mama mpole, anayenukia vizuri, na aliongea nasi kama watu wenye akili. Alituonyesha picha ukutani: duara moja kubwa juu, na vidogo vingi chini, kila kimoja na jina lake. Kilichoandikwa Bwera kilikuwa pembeni kabisa. Kutoka kila kiduara ulitoka mshale kwenda juu.

Alieleza. Kila jioni saa kumi na moja benki yenyewe itafagia akaunti zetu, zibaki sifuri, pesa yote ilale pamoja Kampala. Kwa nini? Kwa sababu mtoto mmoja alikuwa anakopa benki kwa riba huku mwenzake ana pesa imelala bure. Zikikusanywa mahali pamoja, hakuna kukopa ovyo, na wezi wanakosa mahali pa kujificha. Sitasema uongo: ilikuwa na akili. Hata nyumbani kwangu ndivyo tunavyofanya na unga.

Nikainua mkono. "Madamu, mishale ya kupanda nimeiona. Ya kushuka iko wapi?"

Watu wakacheka. Naye akacheka. "Ya kushuka inatokana na maombi, muzee."

"Kama kanisani?"

"Haraka kuliko kanisani," akasema, na ukumbi mzima ukacheka tena. Nilirudi Bwera nikimsifu.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Malipo ya chini ya laki mbili, meneja wa Bwera analipa mwenyewe. Yakizidi hapo, ombi linaingia kwenye kompyuta, linakwenda ofisi ya Kasese likaguliwe, kisha Kampala likapitishwe na wawili, Madamu na mkubwa mwingine ambaye hatujawahi kumwona. Kahawa peke yake haikuguswa na sheria hiyo. Pesa ya kununulia kahawa ililetwa taslimu asubuhi za msimu, ikaingia sefu, na ilikuwa ya kahawa tu. Kwa hiyo meneja wetu aliweza kununua kahawa ya kujaza lori bila kumuuliza mtu, lakini hakuweza kununua mlango.

Meneja wa kwanza hakudumu. Lori letu lilipasuka magurudumu njiani, pale Kikorongo, limejaa kahawa, mvua inakuja. Akachukua pesa ya kahawa, akanunua magurudumu mawili, kahawa ikafika Kampala kavu kabisa. Waliipokea kahawa. Yeye walimfukuza kwa kutumia fedha nje ya kusudi. Barua yake ilisomwa mbele yetu sote ili tujifunze, na tulijifunza.

Ndipo akaja meneja wa pili, huyu mlokole. Aliomba dua kabla ya kufungua sefu na baada ya kuifunga. Hakuna aliyewahi kumwona na shilingi isiyo yake. Nilimpenda. Kama unataka mtu wa kufuata sheria mpaka ikuue, hutampata bora kuliko yule.

Msimu ule kahawa ilikuwa nyingi, yetu ya mlimani na ile ya ng'ambo. Malori ya kuiondoa yalichelewa, kwa sababu kukodi lori nako ni ombi. Magunia yakapanda mpaka karibu na paa, yakaegemea ukuta wa nyuma, wa matofali ya zamani ya udongo. Wa kwanza kuona alikuwa Afande.

"Foremani," akaniambia asubuhi moja, "ile ukuta iko na mimba."

"Ya miezi ngapi?"

"Tisa. Na mimi si mkunga."

Nikaenda kutazama. Kweli, ukuta ulikuwa umetokeza tumbo nje, na ufa ungeingiza kidole. Fundi akaja, akagusa, akarudi nyuma haraka. Alitaka miti ya kuegemeza, saruji, misumari, kazi yake, na turubai kubwa ili wanawake wa kuchambua wakae mbali na ukuta. Yote karibu laki nane. Meneja akaandika ombi siku ile ile. Likarudi: lete bei za mafundi watatu. Bwera mafundi wa ukuta ni yule fundi na shemeji zake. Tukaleta bei tatu za ukoo mmoja. Ombi likaondoka tena, na kimya.

Baada ya siku kadhaa nilimwambia meneja nitalifuata mwenyewe. Nikapanda lori la chumvi mpaka Kasese, na picha za ukuta ndani ya simu. Ofisi ile ilikuwa na bwana mmoja, mkaguzi wa eneo letu. Alinikaribisha, akanipa soda, akanigeuzia kompyuta.

"Ombi lenu si hili hapa, muzee? Halijapotea."

Lilikuwepo, limepakwa rangi ya njano.

"Lini linaiva?"

"Linakuwa kijani Madamu akibonyeza. Na mwenzake."

"Na wewe huwezi kubonyeza?"

"Mimi nina haki ya kutazama tu."

"Basi, sebo, bwana wangu, njoo Bwera utazame ukuta."

Akacheka mpaka akapangusa macho. "Wewe muzee unachekesha!" Akaniongeza soda ya pili. Nilirudi na soda mbili tumboni.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Watu wa Kampala wamekwisha kuliandika kwa njia yao, nami naliandika kwa njia yangu. Kwetu mlimani mtu akijenga juu kule ambako hakuna barabara, nyumba inapanda kichwani. Leo mabati mawili, kesho nusu mfuko wa saruji, kesho kutwa miti. Hakuna anayemsimamisha njiani kumuuliza kwa nini hakubeba nyumba nzima kwa safari moja. Mzigo usiobebeka hugawanywa. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na hivyo ndivyo nilivyomwambia meneja.

"Laki nane ni nzito kwao. Tuigawe. Miti peke yake haifiki laki mbili. Saruji haifiki. Misumari, fundi, turubai, kila kimoja kiko chini ya mpaka wako. Lipa wewe."

Akaniuliza, "Huo si uongo?"

"Meneja, miti ni miti. Misumari ni misumari. Uongo uko wapi?"

Aliomba dua juu ya jambo hilo usiku mzima, ndivyo alivyoniambia. Asubuhi akakubali. Akaandika malipo matano, moja baada ya jingine, kwa ukweli kabisa, kila moja na sababu yake: kuegemeza ukuta, kuegemeza ukuta, kuegemeza ukuta. Mtu anayeiba haandiki hivyo. Lakini kule Kampala kompyuta haikusoma sababu. Ilisoma malipo matano, asubuhi moja, tawi moja, yote yakiishia chini ya laki mbili. Malipo yenyewe hayakutoka. Kabla ya chakula cha mchana simu ikalia. Tumegawanya malipo ili kukwepa kikomo. Hiyo, walisema, ni alama ya wizi inayojulikana dunia nzima. Mamlaka ya Bwera ya kulipa chochote yamesimamishwa, kadi ya mafuta nayo imefungwa, mpaka wakaguzi waje wiki ijayo.

"Na kahawa?" meneja akauliza.

Kahawa iendelee, wakasema. Kahawa haina shida.

Basi mkono wetu ulifungwa kwa kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa kinausukuma ukuta. Tukaendelea kununua. Magunia yakaendelea kupanda. Niliwakataza wanawake kukaa upande ule, nikawapeleka juani katikati ya ua. Walinitukana vizuri. Yule mama wa ng'ambo alisema, "Foremani anatuanika sisi pamoja na kahawa. Jioni atatupima kilo!" Wakacheka, wakajifunika lesu vichwani, wakaendelea na ungo zao.

Siku ya nne, saa saba mchana, mvua ilianza ghafla kama kawaida ya mvua yetu ya mlimani. Kahawa ilikuwa inalowa. Turubai hatukuwa nalo. Mimi, kwa mdomo huu, ndimi niliyepiga kelele: "Ingizeni chini ya paa! Haraka, isilowe!" Paa lililokuwa karibu ni la upande ule. Wengine walitupa ungo na kukimbilia langoni kwa Afande. Yule mama wa ng'ambo alijali kahawa. Nilikwenda kumsaidia kubeba, na ukuta ukajifungua.

Mengine nimekwisha kuyasema. Niongeze tu jinsi ruhusa ilivyopatikana. Afande alipoona simu ya meneja haiishi, alivuka barabara, akaweka simu yake mwenyewe mezani pale kituoni, na kitambulisho chake cha kustaafu juu yake. "Dizeli. Lita tano. Nikikimbia, uza hivi." Kijana wa pampu alimpa bila neno. Vijana wa boda walitubeba mpaka kwenye pikapu, wakatulaza juu ya magunia matupu. Yule mama alinishika shati. Tulipofika kwenye matuta ya barabara karibu na hospitali aliacha kunishika.

Daktari alimtazama, akatutazama. "Mngefika nusu saa mapema," akasema. Hakusema kwa ubaya. Mimi walinikata mguu chini ya goti, na walinitunza vizuri.

Nusu saa hiyo ndiyo ninayoizungumzia. Hiyo ndiyo meneja aliyoitumia akisema "ndiyo, Madamu."

Wakaguzi walikuja siku waliyoahidi. Kwa hilo nawasifu. Walikuwa watatu, gari lao lina tangi limejaa, na walilala siku sita katika hoteli ile ile ya semina. Malipo ya hoteli yalipita bila shida. Walikuja mpaka kitandani kwangu, mmoja akakaa kwenye kiti cha mgeni.

"Pole, muzee. Ni wewe uliyetoa wazo la kugawanya malipo?"

"Ni mimi."

"Ulikuwa unajua kikomo ni laki mbili?"

"Nilikuwa najua ukuta ni mmoja."

Aliandika kitu. "Jibu ndiyo au hapana."

"Ndiyo. Sasa na wewe nijibu. Ule ukuta mlipouona, ulikuwa umeanguka?"

"Hiyo haiko kwenye kazi yetu," akasema, akafunga daftari.

Meneja alifukuzwa kwa kugawanya malipo. Ukuta mpya wa Bwera ulipitishwa kwa siku moja, kwa sababu kahawa ilikuwa inanyeshewa. Ni ukuta mzuri, wa matofali ya kuchoma, una nguzo za zege. Nikipita pale kwa magongo yangu nauangalia, na sina la kuukosoa.

Kisha mume wa yule mama alivuka mpaka. Ni mtu mfupi, mkimya, alikuja na watoto wawili na kofia mkononi. Hakuja na hasira. Alitaka kujua tu nani wa kuongea naye. Meneja mpya alimwambia, "Sina mamlaka, ndugu, andikia Kampala." Binti mmoja wa shule akamwandikia. Jibu lilikuja lina nembo nzuri. Lilisema kampuni mama inasikitika sana, lakini stoo ya Bwera ni ya kampuni tanzu inayojitegemea kisheria, yenye usajili wake na uongozi wake, kwa hiyo madai yoyote yapelekwe kwa uongozi wa Bwera.

Mume yule aliniletea barua hiyo nyumbani kwangu. Akauliza, "Muzee, basi wenyewe beko wapi?"

Alimaanisha wenye kampuni wako wapi. Wakati wa pesa tulikuwa mtoto asiyeruhusiwa kununua msumari. Maiti ilipopatikana tumekuwa mtu mzima mwenye nyumba yake. Pesa ilipanda kama ya kampuni moja, lawama ikashuka kama ya kampuni mbili.

Kwa hiyo nawataja. Wa kwanza ni mimi, niliyesema "ingizeni chini ya paa". Nimekwisha kulipa kwa mguu, na kwa mume wa yule mama nimepiga goti moja nililobakiwa nalo. Wa pili ni meneja mlokole, aliyeogopa barua kuliko kifo cha mtu. Naye kazi imekwenda. Sasa waliobaki. Bwana wa Kasese mwenye haki ya kutazama, uliyeona njano siku zote zile na kuniongeza soda. Mkubwa wa pili ambaye sura yake hatuijui, ambaye kidole chake kilitakiwa kubonyeza mara moja tu. Wakurugenzi wa kampuni mama, mliochora mishale. Na wewe, Madamu wa Hazina, uliyeshika simu ile nusu saa nzima ukiuliza fomu. Majina yenu mnayajua wenyewe.

Sidai mguu. Naomba mje Bwera, mmoja wenu tu, mkae mbele ya mume wa yule mama, na mumjibu swali dogo: siku ile, saa saba mchana, ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kununua lita tano za dizeli? Kama ni meneja wetu, mbona mlimfunga mikono? Kama ni ninyi, mbona barua inasema hatuhusiani? Na kama hakuna mtu hata mmoja, kutoka Bwera mpaka Kampala, aliyekuwa nayo, basi mseme ni nani aliyekaa mezani akaamua iwe hivyo. Aje yeye. Mume wa yule mama bado anavuka mpaka kila siku ya soko, na kila akivuka anaanzia kwangu kuuliza kama mtu huyo amefika.